Rangi Iko Wapi

Julai hapa Kongwa upepo haubishi hodi.
Unaingia na vumbi lake, unakaa kitini,
unafunua kalenda ukutani mpaka Desemba.
Leo hata kuku wamegoma kutoka.
Nimeziba dirisha kwa kipande cha gunia,
nimewasha jiko, mlango nimeuacha wazi kidogo
kwa sababu mkaa una hila zake,
na uji wa mtama unaguna taratibu.

Wanangu wamejikunja ndani ya blanketi moja
kama choroko kwenye ganda.
"Mama, tufanye nini?"
Mara ya kumi na moja tangu kupambazuke.
Nikasema, bila kufikiri: tupake rangi.
Nyemo akacheka hadi kikohozi kikamshika.
Rangi iko wapi?

Rangi iko wapi!
Masizi yapo chini ya sufuria,
miaka sita sijayasugua sawasawa;
leo uvivu wangu umepata cheo.
Udongo mwekundu, kiganja kimoja,
pale ukuta unapomomonyoka nyuma ya mtungi.
Manjano, kijiko kilichobaki cha pilau ya ubatizo.
Choya ya jana. Bluu ya kufulia sare.
Gundi ya mgunga tukailoweka katika maji ya moto.
Sechelela akatafuna kijiti cha mswaki
mpaka kikaota nywele,
akatema, akakinyanyua juu: "Brashi."

Karatasi ni mfuko wa saruji, ule wa ndani,
baba yao aliuhifadhi tulipojenga choo.
Hatupi kitu yule. Popote alipo kwenye reli yake
leo ningemwambia: umeshinda.

Sechelela akachora mlima, ukamponyoka,
akaupa miguu, ukawa shangazi yake amelala.
Nyemo akasema yeye anachora upepo.
Unachorwaje?
Akazungusha kidole chenye masizi,
akazungusha, akazungusha,
mpaka karatasi ikatoboka.
"Hapo," akasema, "ndipo unapotokea."

Na kweli ukatokea.
Ukasukuma mlango, ukamnyakua shangazi,
ukaondoka naye juu ya uzio wa miiba,
sisi watatu tumebaki na vidole vya rangi, midomo wazi.

Punde hodi ya mtu mwenye mikono.
Mama Ndahani, khanga mbili na koti la mumewe,
ameshika picha kwa ncha za vidole:
"Huyu mgeni wenu nimemkuta kwenye matenga yangu."
Akapewa kigoda, akapewa uji.
Akatazama masizi, choya, kijiti,
akanyamaza muda wa kikombe kizima.

Kisha, kama anayeomba chumvi:
"Ng'ombe mnaweza?"

Alikuwa na maksai, akaeleza, mweusi tii,
na utepe mweupe umezunguka shingo.
Walimwita Askofu.
Alikufa mwaka ule majani yaliposahau kuota,
na hakuna aliyewahi kumpiga picha,
nani anampiga ng'ombe picha?

Masizi yalitosha. Pembe zikakataa mara mbili.
"Moja iliinama," alisema, "hii ya huku. Zaidi. Hapo."
Ila nyeupe hatukuwa nayo.
Majivu yakatoa kijivu, unga ukadondoka.
Nyemo akatoweka chini ya kitanda,
akarudi na dawa ya meno,
akaikamua shingoni kwa kidole, ulimi nje,
na chumba kizima kikanuka mnanaa.

Mama Ndahani hakusema kitu.
Aligusa hewa juu ya lile baka,
hakuigusa karatasi.

Hakusubiri ikauke.
Nimemwona kupitia tundu la gunia
akivuka uwanja kinyumenyume,
mgongo kwa upepo, koti limefunguliwa,
na ndani ya koti, mbali na kifua kidogo
asije akamfuta,
Askofu.

Uji ulikuwa umeganda.
Tuliunywa hivyo hivyo,
na vikombe vikabaki na alama zetu, nyekundu na bluu,
ambazo sijazisugua.